Matundu ya USB yamekufa, au yanasingiziwa?

Habari za kazi, Fundi?

Nimekuwa nikisoma majibu yako kimyakimya kwa muda mrefu, leo zamu yangu imefika. Nina laptopu ya Windows yenye matundu matatu ya USB, mawili kushoto na moja kulia. Ina miaka mitano na haikuwahi kunisumbua mpaka mwezi uliopita, matundu yote yalipoharibika.

Naanza na diski yangu ya nje, ile ndogo ya mfukoni. Nikiichomeka kushoto taa yake inawaka, inatoa mlio wa tik, tik, tik, halafu laptopu inalia kwamba kifaa kimeingia, na papo hapo inalia kwamba kimetoka. Saa nyingine inaniambia kifaa hakitambuliki. Mara moja tu ilitulia, ikaja na ujumbe kwamba lazima niifomati kabla ya kuitumia. Nikaogopa, nikaufunga. Humo ndani mna utafiti wangu wa shahada, mahojiano ya sauti ya miezi minane, na nakala nyingine sina. Najua. Usinigombeze.

Simu nayo nikiiunganisha inachaji tu, picha hazionekani. Tundu la kulia ndilo limechoka kabisa: flashi lazima niishikilie kwa kidole na kuiinua juu kidogo ndipo isome, nikiachia inapotea. Upande wa kushoto flashi yangu mpya inasoma vizuri, ila nikianza kunakili mafaili, mausi yangu isiyo na waya, ambayo kipokezi chake kiko tundu la jirani, inakwamakwama kama inatembea kwenye matope.

Ushauri nimepewa mwingi. Mdogo wangu anasema sasisho la Windows ndilo limeharibu, tuifomati laptopu, na kweli mambo yalianza wiki ileile ilipojisasisha. Shemeji anasema ni virusi. Fundi mmoja aliitazama dakika tano akasema madabodi (ubao mkuu wa ndani) imekufa, nitafute nyingine. Mimi mwenyewe nimeizima na kuiwasha zaidi ya mara ishirini. Diski niliijaribu pia kwenye kompyuta ya mezani kazini: mbele ilikataa, nyuma ilikubali kama dakika kumi kisha ikapotea.

Nilitaka kusahau. Kebo ninayotumia si ile iliyokuja na diski. Ile ilikatika kichwani wiki hiyohiyo. Sasa natumia kebo ya simu yangu ya zamani, ina urefu wa mita mbili, na inaingia vizuri kwenye nusu moja ya tundu la diski.

Niifomati, au nitafute madabodi?

Msomaji aliyechoka kuchomeka na kuchomoa

—

Ndugu msomaji,

Kuhusu nakala sitakugombeza. Nitakugombeza kuhusu neno "yote". Barua yako ina wagonjwa wanne, na kila aliyekushauri ametafuta dawa moja ya kuwatibu wote kwa pamoja. Ndiyo maana mmoja anaona Windows, mwingine virusi, mwingine madabodi. Diski, simu, mausi na tundu la kulia havina uhusiano wowote. Vimekutana tu kwenye mwezi mmoja na mwenye laptopu mmoja.

Tazama ulichoniandikia mwenyewe. Kipokezi cha mausi kinafanya kazi kushoto. Flashi inasoma kushoto. Tundu likifa halisomi flashi, kwa hiyo matundu yako ya kushoto yako hai, umeme yanatoa na data inapita. Halafu diski ilipopelekwa kwenye kompyuta nyingine kabisa, ikafanya vituko vilevile. Madabodi ya laptopu yako haiwezi kuharibu kompyuta ya kazini kwako. Hicho kipimo ulichofanya bila kujua kina thamani kuliko dakika tano za yule fundi: kifaa kinachosumbua kwenye mashine mbili, mshukiwa wa kwanza ni chenyewe au kebo yake.

Na kebo umeitaja mwishoni, ulipotaka kusahau! Barua nyingi ninazopata ziko hivyo, jibu limo kwenye sentensi ya "nilitaka kusahau". Mambo mawili yalitokea wiki hiyo: laptopu ilijisasisha, na wewe ukabadilisha kebo. Mdogo wako ameliona la kwanza kwa sababu lilijitangaza kwenye skrini.

Sasa tuitazame kebo hiyo kwa karibu, maana ndiyo kisa chenyewe. Tundu pana la diski yako lina sehemu mbili. Sehemu kubwa ni umbo lilelile la simu za zamani, na ile ndogo ya pembeni imebeba pini tano za ziada za USB 3. Waliobuni walikusudia kebo ya zamani iweze kuingia, kwa hiyo hukukosea kuichomeka. Lakini ukiichomeka nusu hiyo tu, diski inajitambulisha kwa laptopu kama kifaa cha USB 2. Kasi inashuka kutoka gigabiti 5 kwa sekunde hadi megabiti 480, na hilo lingevumilika. Tatizo ni umeme. Tundu la USB la kawaida linatoa volti 5, lakini kiasi ambacho kifaa kina haki ya kuvuta kinategemea toleo: miliampia 500 kwa USB 2, iliyotoka mwaka 2000, na miliampia 900 kwa USB 3 ya mwaka 2008.

Diski ya mfukoni ikishazunguka haina njaa kubwa. Shida iko kwenye kuanza. Ni kama mkokoteni uliojaa mzigo, kazi ni kuung'oa pale uliposimama, ukishatembea hata mtoto anausukuma. Sahani za ndani zikitoka kwenye kusimama hadi kufikia mizunguko 5,400 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya diski nyingi za aina hiyo, kwa sekunde chache diski huvuta umeme unaoweza kukaribia ampia nzima. Na wewe unaupitisha kwenye waya wa kuchajia wa mita mbili. Umeme unakwenda mita mbili na kurudi mita mbili, na kama nyuzi za ndani ni zile nyembamba, njiani inaweza kupotea zaidi ya nusu volti. Zinatoka volti 5, zinafika 4 na ushei. Mota inajaribu kuanza, volti inaanguka, ubongo wa diski unazimika, unawaka tena, mota inajaribu tena. Tik, tik, tik. Mlio wa kuingia na wa kutoka unaousikia ni wa kisa hicho hicho kikijirudia.

Hapo pia utaelewa kwa nini kazini mbele ilikataa na nyuma ikakubali kidogo. Matundu ya nyuma ya kompyuta ya mezani yameungwa moja kwa moja kwenye madabodi. Ya mbele yanafikiwa kwa waya mwingine unaopita ndani ya kasha, yaani wewe uliongeza urefu juu ya urefu.

Kwa hiyo, kuanzia leo usiichomeke tena diski hiyo kwa kebo hiyo. Kila jaribio lililoshindikana linaichosha, na wewe umeshajaribu vya kutosha. Tafuta kebo ya USB 3 yenye kichwa kipana kamili, fupi, nusu mita au chini ya hapo. Unganisha laptopu kwenye chaja ili hila za kubana umeme wa betri zisiingilie kati. Chomeka diski upande wa kushoto, moja kwa moja, bila kupitia kigawanyio (USB hub), na uchomeke kwa mkono mmoja usiositasita. Usicheke: pini za USB 2 ndizo zinazogusana kwanza, za USB 3 ziko nyuma yake, na mtu anayeingiza kichwa polepole sana anaweza kuifanya kompyuta iamue kwamba kifaa ni cha USB 2 kabla hajamaliza kusukuma.

Ikigoma bado, tumia kigawanyio chenye chaja yake ya ukutani, kisichotegemea umeme wa laptopu. Ikiwa hata hapo, kwa kebo nzuri na umeme wa kutosha, unasikia tik ileile yenye mpangilio, basi si njaa tena. Ndani kuna kitu kimeumia, huenda kichwa cha kusomea. Chomoa, iweke, itafutie watu wanaofanya kazi ya kuokoa data. Usiifungue, usiigonge, na usimsikilize yeyote atakayekwambia uiweke kwenye friji.

Sasa ule ujumbe wa kufomati. Ulivyoogopa ndivyo ilivyopaswa. Windows inapoleta ujumbe huo haijachunguza ikagundua kwamba mafaili yako hayapo. Inamaanisha tu kwamba imeshindwa kusoma ramani ya diski, na ikishindwa kusoma ramani haina wazo jingine la kukupa ila kuchora mpya. Umeme ukikatika katikati ya kusoma, ujumbe huo unakuja. Ukichomeka diski iliyoandaliwa kwa mifumo mingine isiyo Windows, kama Linux au Mac, ujumbe huo unakuja pia, hata kama diski ni nzima kabisa. Ukikubali, ramani inafutwa, na kazi ya kuyapata mahojiano yako inakuwa ndefu bila sababu.

Diski ikifunguka, usianze kuyasikiliza wala kupanga mafolda. Nakili mahojiano kwanza, kwenye laptopu, kisha mahali pa pili tofauti na laptopu. Windows ikikuuliza kama ikague na kukarabati makosa ya diski, kataa mpaka nakala zote mbili ziwe tayari, kwa sababu ukarabati huo unaandika juu ya diski, na diski inayosuasua haiandikwi, inasomwa.

Simu haitanichukua muda. Inachaji, kwa hiyo umeme unapita. Simu nyingi za Android siku hizi huanza zikiwa kwenye hali ya kuchaji tu, hazitoi mafaili mpaka mwenyewe uruhusu. Ifungue skrini kwa namba yako ya siri, shusha orodha ya taarifa juu, gusa ile inayotaja USB, chagua kuhamisha mafaili. Ikiwa taarifa hiyo haitokei kabisa, badilisha kebo. Kuna kebo zilizotengenezwa na nyuzi mbili tu za umeme, za data hazimo. Kwa macho zinafanana na nyingine zote, na huwa nazifunga fundo ili nisizichanganye.

Mausi ndiyo iliyonifurahisha, samahani kusema hivyo. Haina ubaya wowote, wala flashi haina. Data ya USB 3 inavyokimbia hutoa kelele za redio zinazofika kwenye masafa ya gigahetzi 2.4, na mausi nyingi zisizo na waya zinaongea hapohapo. Kampuni ya Intel ilichapisha waraka wa kiufundi kuhusu jambo hili mwaka 2012, kwa hiyo si uzushi wa mafundi. Flashi inaponakili, kipokezi kilichobanana nayo ni kama mtu anayejaribu kusikiliza simu huku jirani yake anatwanga. Kitenganishe na flashi kwa waya mfupi wa kurefushia USB, hata sentimita ishirini au thelathini zinatosha. Jaribu kwanza ukiwa huna waya huo: nakili faili kubwa, kisha sogeza mausi karibu kabisa na kipokezi. Ikitulia, umepata uthibitisho wako.

Tumebaki na tundu la kulia, na hili ndilo pekee linalostahili kuitwa bovu. Kifaa kinachosoma kwa kuinuliwa kidole kina tatizo la kugusana, na hakuna draiva (programu inayoendesha kifaa) wala programu nyingine itakayokitibu. Zima laptopu, chukua tochi, chungulia ndani. Utaona ulimi wa plastiki wenye pini juu yake. Uangalie umenyooka au umeinama, umepasuka, pini zimelala sawa au mojawapo imejikunja. Mara nyingi kinachoonekana ni pamba ya vumbi la mfuko iliyoshindiliwa kule mwisho, kiasi kwamba kichwa hakifiki kinapotakiwa kufika. Hiyo unaitoa kwa kijiti cha meno cha mbao, taratibu, laptopu ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa. Sindano na pini za chuma ziache.

Ukikuta ulimi umepasuka au pini imejikunja, acha kulitumia kuanzia dakika hiyo. Pini ya umeme ikigusa ukuta wa chuma wa tundu, laptopu inahisi umeme unavuja na kujikinga kwa kuzima umeme wa tundu, na kwenye baadhi ya mashine matundu ya jirani nayo yanazimwa kwa pamoja. Mtu wa nje akiona hivyo anasema "USB zote zimekufa", kumbe moja ndiyo inayozivuta nyingine.

Kama ndani ni kusafi na ulimi mzima, basi legezo liko kwenye lehemu nyuma ya tundu. Hapa ndipo nataka uwe na neno la kumwambia fundi. Kwenye laptopu nyingi matundu ya upande mmoja hayakai kwenye madabodi. Yako kwenye kibao kidogo cha saketi cha pembeni, kimeungwa na madabodi kwa utepe mwembamba. Sijui yako imepangwaje, ila mwombe afungue akutazamishe: tundu la kulia liko kwenye kipande gani? Kama ni kipande cha pembeni, kinabadilishwa hicho, au utepe wake tu. Kama liko kwenye madabodi, tundu lenyewe linaweza kutolewa kwa joto na kulehemiwa jingine. Kubadilisha madabodi nzima kwa sababu ya tundu moja lililolegea ni kubomoa nyumba kwa sababu bawaba ya mlango inalia. Na fundi anayetoa hukumu hiyo bila kuchomoa skrubu hata moja, mshukuru, uondoke na laptopu yako.

Mdogo wako asijione nimempuuza. Windows huwa inahusika, ila kwa namna nyingine. Ulisema umezima na kuwasha mara ishirini. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwenye laptopu nyingi "kuzima" si kuzima kamili: mfumo unahifadhi hali yake, draiva zikiwemo, na ukiwasha unairudisha vilevile ulivyoiacha. Kama draiva ya USB ilikwama jana, leo inaamka imekwama. Anayechagua kuanzisha upya, yaani Restart, ndiye anayefuta hali hiyo na kuanza safi. Fanya hivyo mara moja, inashinda zile ishirini. Ukitaka kwenda hatua zaidi, izime, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini ili mabaki ya umeme yaishe, kisha iwashe.

Halafu fungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, nenda mwishoni kwenye orodha ya USB. Kila kilichoandikwa USB Root Hub kibonyeze mara mbili, ingia kwenye ukurasa wa umeme kama upo, ondoa alama inayoruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Hii husaidia vifaa vinavyopotea baada ya kukaa muda bila kutumika. Ukiona kifaa chenye pembetatu ya njano na msimbo 43, maana yake kimejibu vibaya au hakikujibu kilipoulizwa jina lake, na kwa diski yako nitashangaa usipouona. Msimbo huo watu huufukuzia kwa kupakua draiva usiku kucha. Anza na kebo.

Kabla ya kufomati laptopu, kuna kipimo cha saa moja. Andaa Linux kwenye flashi, iwashe laptopu kupitia flashi hiyo bila kuisakinisha, kisha fungua dirisha la amri, andika sudo dmesg -w, na uchomeke kifaa. Mistari itaanza kushuka. Ukiona "over-current", tundu limehisi umeme unavutwa kupita kiasi. Ukiona "error -71" ikijirudia, mazungumzo kati ya kifaa na laptopu yanakatikakatika, na mara nyingi ni kebo au mgusano mbaya. Ugonjwa ukionekana hata huko ambako Windows haipo, Windows imeachiwa huru na mdogo wako aende akalale. Virusi vya shemeji navyo vimo humohumo.

Ukipata kebo fupi, niandikie mambo mawili tu: diski imelia au imenyamaza, na Windows imeipa herufi yake (kama E:) au haikuipa. Tundu la kulia lizibe kwa kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi ili mkono usilizoee. Na ile kebo ya mita mbili usiitupe, irudishe kwenye simu yake ya zamani.

Fundi